Jibini, chizi na mgando mkavu

Juma hili nataka tuzungumze juu ya chakula ambacho wengi wetu hatukukikuta jikoni kwa mama zetu, na ambacho hata jina lake linatupiga chenga. Nazungumza juu ya jibini.

Mazungumzo haya nimeyapata kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayeishi Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, kule chini tambarare mashamba ya mpunga yanakoanza. Ana ng'ombe wawili wa maziwa anaowafugia bandani. Maziwa ya asubuhi yana wateja, ya jioni hayana. Anayekusanya maziwa kwa baiskeli haji jioni, na jokofu la kuyahifadhi hana. Kwa miaka mingi ya jioni aliyagandisha, akayauza kwa bei ya kutupa, na yaliyozidi akawapa paka. Halafu mama mmoja akamfundisha ufundi mwepesi: chemsha maziwa, yakamulie ndimu, yakikatika uyachuje kwa kitambaa safi, kisha uyagandamize kwa jiwe usiku kucha. Asubuhi unakuta kipande cheupe kigumu, kinachokatika kwa kisu.

Mpishi wa mkahawa mmoja mjini alikijua mara moja, akanunua. Taabu ilikuwa kwa majirani. Mpwa wangu aliwaambia kwamba hii ni chizi. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Chizi, kama ujuavyo, mitaani kwetu ni mtu aliyerukwa na akili, na kwa vijana ni rafiki wa kufa na kuzikana. "Sasa umetuletea chizi tumtafune?" Akanipigia simu: "Mjomba, wewe ndiye mtu wa maneno. Jina lake la Kiswahili ni lipi?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, bila hata kufungua kitabu: ni jibini. Kesho yake akanipigia tena. Bibi mmoja wa jirani, ambaye masikio yake yamechoka, amesikia "jini", na sasa hataki hata kupita mbele ya mlango.

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Maana neno jibini limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu tangu ile ya 1981, nasi watu wa redio tumelitumia miaka yote kana kwamba kila mtu analijua. Lakini jiulize, msikilizaji: mara ya mwisho kumsikia mtu dukani akisema "nipe jibini" ni lini? Hata ngeli yake hatujakubaliana. Mmoja husema jibini hii, mwingine jibini hili. Neno linalotumika jikoni kila siku halina ubishi wa namna hiyo. Hakuna anayebishana juu ya ngeli ya ugali.

Na ajabu yake ni hii. Kama kuna pembe ya Tanzania ambayo walaji wa jibini wamepita kwa wingi, basi ni miteremko hii ya Kilimanjaro na tambarare zake. Wajerumani walijenga boma lao Moshi katika miaka ya 1890, na nyuma yao wakaja wamisionari wa Leipzig. Mmoja wao, Bruno Gutmann, aliishi Moshi ya Kale kwa miaka mingi hadi 1938, akaandika vitabu vinene juu ya mila na sheria za Wachagga. Mjerumani huiita Käse. Baada ya vita vyao na Waingereza kule Afrika Kusini, Makaburu kadhaa walikaribishwa na Wajerumani wakae upande wa Meru na Arusha. Wao husema kaas. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, Wagiriki walikuwamo katika kazi ile, na baadaye wengi wakawa wakulima wa mkonge na kahawa. Mgiriki husema tiri.

Mwaka 1930 kampuni ya A. P. Møller ya Denmark ikaanzisha shamba la miwa huko Arusha Chini, jirani na Mabogini, lile tunaloliita TPC hadi leo. Hapa nina ushahidi wa nyumbani. Baba yangu mdogo aliwahi kuwa mpishi msaidizi wa mzungu mmoja wa huko, na alipokuja likizo alitusimulia juu ya kitu cha manjano kinachonuka kama soksi, ambacho bwana wake alikila asubuhi na mkate. Alikiita "osti". Sisi watoto tulidhani amelibuni mwenyewe, kwa maana alikuwa mtu wa mizaha. Alikwisha kufariki nilipoliona neno hilo limechapwa juu ya kopo lililotoka Denmark: ost. Nilisimama mbele ya rafu ile muda mrefu kidogo.

Tuendelee. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maelfu ya wakimbizi wa Poland, wengi wao akina mama na watoto, waliletwa kuishi Tengeru, karibu na Arusha, kuanzia 1942. Wao husema ser. Wahindi wa Moshi mjini wana panir yao. Katika miaka ya 1980 walikuja Wajapani na mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika 1987 na kuifanya Mabogini ijulikane kwa mpunga. Mjapani husema chizu, neno alilolitoa kwa Mwingereza. Na TPC yenyewe, tangu 2000, imo mikononi mwa wawekezaji kutoka Morisi, ambako kwa Krioli yao ni fromaz.

Hesabu mwenyewe ni majina mangapi yamepita katika barabara moja ya vumbi. Na lililobaki katika kamusi yetu si hata moja kati ya hayo.

Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba majina mengi ya Ulaya yana babu wachache tu. Babu mmoja ni Kilatini cha Warumi, caseus. Askari wa Kirumi walipewa jibini katika posho yao, na walikopita waliacha neno. Ndipo Mjerumani akapata Käse, Mholanzi kaas, Mwingereza cheese, Mhispania queso, Mreno queijo, na hata Wairishi na watu wa Wales huko kwenye kingo za Ulaya wana cáis na caws. Ukiyasikia haraka huwezi kudhani kwamba hawa ni ndugu, lakini ni ndugu wa tumbo moja.

Mfaransa na Mwitaliano walishika njia nyingine. Warumi wa zamani za mwisho walikuwa wakisema jibini "ya kalibu", yaani iliyotiwa katika umbo, forma. Kwa kupita miaka watu wakaiacha jibini yenyewe wakabaki na kalibu. Mwitaliano akawa na formaggio; Mfaransa naye alikuwa na formage, kisha herufi zikabadilishana viti, ikawa fromage. Nasi tunafanya hivyo kila siku: tunasema "nipe baridi" bila kutaja soda wala bia, na muuzaji anaelewa.

Kwa Wagiriki wa kale kuna kisa kitamu zaidi. Jibini kwao ilikuwa tiros, na ng'ombe ni bus. Walipoona siagi ya watu wa kaskazini waliokuwa wakifuga ng'ombe, wao wenyewe wakiwa watu wa mbuzi, kondoo na mafuta ya zeituni, inasemekana walikosa jina wakaiita "jibini ya ng'ombe", butiron. Basi siagi ya Mwingereza, butter, na ya Mfaransa, beurre, ni jina la jibini lililopotea njia. Walikosea, wakaandika, na kosa likawa neno. Ser ya watu wa Poland, ndugu ya sir ya Warusi, inahusishwa na uchachu. Na tukiwa hapo hapo Poland: vipande vya vyungu vyenye matundu vilivyofukuliwa huko, vya miaka 7,000 hivi iliyopita, vilipopimwa vilikutwa na mafuta ya maziwa. Vilikuwa vichujio vya jibini.

Sasa jibini yetu. Hii imetoka Kiarabuni, na hilo halina ubishi. Mwarabu husema jubn au jibn, na Waebrania, binamu zake kwa lugha, husema gvina. Mswahili hapendi konsonanti mbili zikumbatiane mwishoni mwa neno, hupenda kila moja ipate irabu yake ya kutembelea. Kama alivyofanya hukm ikawa hukumu, na aql ikawa akili, ndivyo alivyofanya jibn ikawa jibini. Neno lilishuka jahazini pwani, likaingia vitabuni, na huko vitabuni likakaa.

Na hapa kuna jambo lililonifanya nimwombe mpwa wangu radhi kwa kuwacheka majirani zake. Kwa Kiarabu, neno lile lile jubn lina maana ya pili: woga. Mwoga ni jabān. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiarabu anayekosea kidogo sokoni anaweza kujikuta ananunua nusu kilo ya woga. Sisi tunamtafuna chizi, Waarabu wanautafuna woga. Kumbe chakula hiki kina nuksi ya jina tangu zamani.

Lakini kwa nini jina la Kiarabu, na si la mmoja wa wale waliokula jibini mbele ya macho yetu? Nimelifikiria sana swali hili. Mreno alikaa pwani yetu karibu karne mbili, tangu Vasco da Gama alipopita 1498 hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipomtoka 1698. Alituachia meza, bendera, karata na mvinyo. Jibini yake, queijo, hakutuachia. Mreno huyo huyo alifika visiwa vya Indonesia, na huko watu wakachukua meja, wakachukua bendera, na jibini hadi leo wanaiita keju. Meli ni zile zile na bidhaa ni zile zile. Huku neno limeanguka baharini, kule limepanda kitini.

Mjerumani naye alituachia shule, na akatuachia hela, iliyotokana na Heller, sarafu yake ndogo iliyoanza kutumika hapa 1904. Kwa nini shule na hela, Käse ikaenda zake? Kwa maoni yangu jibu ni jepesi. Shuleni watoto wetu waliingia wakaketi. Hela ilipita mikononi mwetu, tukadaiwa kodi kwa hiyo hiyo. Käse ililiwa nyuma ya pazia. Aliyeibeba hadi mezani alikuwa Mwafrika, kama baba yangu mdogo, lakini hakukaribishwa kuketi. Alijua jina, na alikufa nalo.

Linganisha na kahawa. Hilo nalo ni neno la Kiarabu, limeshuka pwani ile ile. Ila mti wenyewe ulipanda mlimani, ukaingia kihambani chini ya migomba, na mwaka 1933 Wachagga wakasajili chama chao cha ushirika, KNCU, kwa ajili yake. Watoto wamesomeshwa kwa kahawa, nyumba za bati zimeezekwa kwa kahawa. Leo nenda Marangu au Kibosho umwambie mzee kwamba kahawa ni neno la kigeni. Atakutazama kwa huruma.

Wapo watakaosema kwamba jibini haikushika kwa sababu sisi si watu wa maziwa. La hasha! Jirani wa Mabogini ni Mmaasai, ambaye maziwa kwake ni kule, na yakichachuka kibuyuni ni kule naoto. Wakalenjin wa Kenya wana mursik yao yenye unga wa mkaa. Wanyarwanda wana ikivuguto. Wazulu wana amasi. Kiswahili chenyewe kinatumia ziwa moja kwa titi la mama na kwa Victoria, na kutoka hapo tukapata maziwa. Wakikuyu nao wana iria, ambayo ni maziwa na ni ziwa pia. Watu wanaofananisha maziwa na ziwa hawawezi kuitwa wageni wa maziwa.

Kilichotofautiana ni njia ya kuyahifadhi. Jibini ya Ulaya hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka katika tumbo la nne la ndama anayenyonya. Mfugaji wa kwetu anayemchinja ndama ili apate jibini angeitiwa kikao cha ukoo. Tena lita 10 za maziwa hutoa kilo moja hivi ya jibini ngumu, na ng'ombe wa kienyeji hutoa lita moja au mbili kwa siku. Nani angesubiri? Kibuyu hakitupi kitu. Maziwa yanalala, yanachachuka, yanaliwa yote. Bibi zetu walipiga hesabu vizuri. Waliopata njia ya katikati ni Wahabeshi, ambao hupasha moto maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi, wakapata ayib, laini na nyeupe, na wana jina lao wenyewe bila kumkopa mtu. Wafulani wa Afrika Magharibi nao wanayo, inayoganda kwa utomvu wa mmea.

Hesabu ya bibi zetu imebadilika sasa. Ng'ombe wa kisasa alipoingia katika mabanda ya Kilimanjaro, maziwa yakazidi kibuyu. Akina mama wa Nronga, kule Machame, walianza ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, na wakaonyesha kwamba maziwa ya kikombe kimoja kimoja, yakikusanywa, ni biashara. Njombe kuna kiwanda kilichosaidiwa na shirika la CEFA la Italia, kinachotengeneza jibini za namna ya Kiitaliano. Nazo huuzwa kwa majina ya Kiitaliano.

Ukitaka kuona kwamba Kiswahili hakina ahadi na neno jibini, nenda Goma. Milima ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, inatengeneza jibini kwa miongo mingi, ufundi ulioletwa na Wabelgiji, magurudumu ya manjano mazuri kabisa. Muuzaji atakuhudumia kwa Kiswahili, atakupa bei kwa Kiswahili, mtapunguziana kwa Kiswahili. Kitu chenyewe atakiita fromaji. Na huku kwetu, wapishi wanaopanda na watalii Mlima Kilimanjaro, pamoja na wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita, wanabeba kitu kile kile kichwani hadi Kibo na kukiita chizi. Hakuna aliyewafundisha darasani. Wamekipokea pamoja na jina lake, kwa sababu safari hii kinapita mikononi mwao na kinawapa riziki.

Mimi, nakiri, kwa miaka mingi nimekuwa mtetezi wa jibini. Nimewasahihisha vijana wa habari studio: usiseme chizi, sema jibini. Sikuona kwamba nilikuwa nikiliondoa neno la Mwingereza na kuliweka la Mwarabu, na kuita jambo hilo usanifu. Bado nalipenda. Lina sauti nzuri, na limekaa nasi muda mrefu kuliko chizi. Lakini kwa yule bibi wa Mabogini yote mawili ni kelele tu.

Mwezi uliopita niliteremka Mabogini kumwona mpwa wangu. Ilikuwa baada ya mavuno, na njiani nilipishana na magari yaliyopakia nyasi za mpunga. Nilimkuta uani, ameketi juu ya kigoda, kitambaa kinachuruzika maji, na watoto watatu wa jirani wamechuchumaa wakisubiri makombo. Nikawauliza, hicho mnachokula ni nini? Mmoja akanijibu huku anatafuna: "Mgando mkavu."

Nilimuuliza mpwa wangu nani kawafundisha. Hakuna. Wanajua maziwa ya mgando, wameona haya yamekaushwa, basi. Yule bibi wa masikio mazito naye siku hizi anatuma mjukuu kununua cha shilingi elfu, anakikaanga na kitunguu, anakula na ndizi. Jini amesahauliwa.

Mlangoni kulikuwa na ubao. Juu ameandika kwa chaki, kwa herufi kubwa, MGANDO MKAVU. Chini yake, kwa herufi ndogo, ameweka cheese, kwa ajili ya madereva wa hoteli, na pembeni paniri, kwa ajili ya mteja mmoja Mhindi ambaye huja Jumamosi na hajawahi kuomba apunguziwe bei. Nikatafuta jibini ubaoni, haipo. Nikamwomba chaki, nikainama, nikaiandika katika nafasi iliyobaki. Mpwa wangu akaitazama, akapangusa mikono kwenye kanga, akaniuliza:

"Na hiyo, mjomba, bei yake ni ile ile?"